Baba alimkata mama kwenye picha zetu za Disney. Nina haki ya kumrudisha?

Shikamoo Mama,

Nina miaka 46, ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo nitakalolijutia.

Baba yangu alisomea kilimo Marekani. Agosti 1983 tulihamia naye Gainesville, jimbo la Florida: baba, mama, kaka yangu na mimi. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa huko huko, Aprili 1985. Tulirudi nyumbani 1986, na 1989 baba na mama wakaachana. Haikuwa talaka ya amani. Mama alirudi kwao na sisi, baba akaoa tena, na kwa miaka mingi hawakutajana.

Tukiwa kule, likizo moja ya Desemba, baba alitupeleka Walt Disney World, zile mbuga za michezo na burudani. Kutoka Gainesville ilikuwa kama saa mbili kwa gari. Tulilala usiku mmoja njiani. Safari hiyo ndiyo hadithi yetu ya utotoni. Wanangu wameisikia mpaka wameichoka. Mimi nakumbuka tuliingia ndani ya nyambizi na samaki wakapita dirishani, ila kaka anasema niliota, hakukuwa na nyambizi yoyote.

Mwaka juzi baba alihamia Dar kwa kaka, nikaenda kumsaidia kufungasha. Nikakuta albamu ya zamani, ile yenye kurasa za gundi na plastiki juu. Picha 19 za safari ile zimo. Nane kati yake zimekatwa kwa mkasi. Kila mahali alipokuwa mama, hayupo. Kwenye moja nimesimama na sweta nyekundu, nyuma yangu kuna mnara kama wa msikiti, na begani kwangu kuna vidole vinne vyenye hina. Mkono wenyewe haupo. Nilikaa chini, Mama, nikashindwa kuendelea kufungasha.

Mama alifariki mwaka jana. Tulipofungua sanduku lake, chini kabisa, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa, nikakuta bahasha ya duka la kusafishia picha la kule Marekani. Ndani mna negativu, ile filamu inayotoka kwenye kamera, mikanda sita ya rangi ya kahawia, kila mkanda una picha nne. Miwili imegandana, na mingine ina madoa meupe. Nimeinyanyua dirishani, nikamwona mtu mwenye kanga. Nikairudisha haraka.

Binti yangu mkubwa alitaka kunifurahisha. Akachukua ile picha ya vidole, akaitia kwenye programu ya simu inayojaza sehemu iliyopotea. Akatokea mwanamke mwenye kofia, anacheka, meno yote nje. Si mama. Nilimwambia aifute, naye akalia, nami nikalia.

Nataka kuzisafisha hizo negativu zote na kutundika picha moja ukutani kabla ya hitma ya mwaka. Kaka amekataa kabisa. Anasema tusifukue makaburi, baba ana miaka 81 na presha, na kwamba mama mwenyewe alikaa na mikanda hiyo zaidi ya miaka thelathini wala hakuisafisha. Mdogo wetu anasema yeye hayamhusu, kwa sababu safari ile hakuwepo. Nami, nikikuambia ukweli, kuna siku natamani nichapishe picha kubwa, niende nayo Dar, niiweke mbele ya baba, nimwambie haya, tazama.

Je, negativu hizo bado zinafaa? Na nina haki?

Mwenye Sweta Nyekundu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama.

Nianze na la haraka, maana ugomvi wenu utasubiri lakini filamu haisubiri, hasa kwa unyevu wa Tanga. Ichukue ile bahasha uinuse. Ikitoa harufu kama ya siki, ujue plastiki ya filamu imeanza kuoza, na mvuke wake unaharibu mikanda iliyo jirani. Hapo usingoje hitma. Isipotoa harufu, una nafasi, lakini usilale. Madoa meupe uliyoyaona huenda ni kuvu. Picha imelala ndani ya utando wa gelatini, na gelatini ni chakula cha kuvu. Usiyafute kwa kitambaa chenye maji, hata kidogo, kwa sababu pale kuvu ilipokula gelatini huwa laini na picha itaondoka na kitambaa. Brashi laini iliyo kavu inatosha kuondoa vumbi. Mikanda iliyogandana usiivute. Iweke kando kama ilivyo, hiyo ni kazi ya fundi anayejua.

Nasema hivi kwa uchungu. Nilikuwa na picha moja ya marehemu baba yangu, imeshika kwenye kioo cha fremu. Nilichomeka kisu chembamba, nikavuta taratibu kabisa, na uso wake ukabaki kwenye kioo. Ningejua, ningeipiga picha nyingine ikiwa humo humo ndani ya kioo chake. Basi na hiyo albamu ya gundi uifanyie hivyo: piga nakala ya kila ukurasa kwanza, picha zikiwa mahali pake. Ukitaka kuzitoa, pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, taratibu, kutoka kona hadi kona. Ikigoma, iache.

Sasa hizo negativu. Ndiyo, kwa unavyozieleza, zinafaa. Ule wekundu unaouona kwenye picha nyingi za karatasi za miaka ile unatokana na rangi ya samawati kuchakaa kabla ya nyingine. Negativu nazo huchakaa, lakini mara nyingi hubaki na mengi kuliko karatasi. Na hicho kiwambo cha kahawia kisikutishe, ndivyo negativu za rangi zinavyotengenezwa, haimaanishi zimeungua. Kila picha hapo ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, lakini ikiskaniwa kwa nukta 4,000 kwa inchi unapata picha ya megapikseli kama 20. Ukutani itatosha na kubaki. Kanga ya mama, kama ameivaa upande wa maandishi, huenda ukalisoma jina lake.

Si kila studio siku hizi ina skana ya filamu. Uliza kwanza, na ukimpata mwenye nayo, hesabu mikanda mbele yake, kaa naye hadi amalize, uondoke nayo mkononi. Mwambie akupe mafaili makubwa ya TIFF, si yale madogo ya kurushiana. Na ukimtumia ndugu yako kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo picha inabanwa na kupoteza ubora. Mikanda yenyewe ikae kwenye mifuko ya karatasi isiyo na asidi au plastiki ya polipropilini, kwenye chombo kikavu, mbali na jiko na bafu. Ile plastiki laini inayonuka, ya PVC, haifai.

Ukitaka kuona tu kabla ya kwenda studio, weka karatasi nyeupe kwenye kioo cha simu iliyowashwa mwanga mkali, shika mkanda kwa kingo zake juu ya mwanga huo, kisha utazame kwa simu ya pili. Simu nyingi zina sehemu ya kugeuza rangi kwenye mipangilio. Ukiiwasha, cheusi kinakuwa cheupe na watu wanarudi kuwa watu. Lakini nisikilize kwanza hadi mwisho, kuna jambo nataka ulijue kabla hujafanya hivyo.

Binti yako usimkasirikie, alitaka kukupa bibi yake. Mfundishe tofauti. Ile programu haikumjua mama yako. Imeona picha za wanawake wengi wa mbugani, ikakisia mmoja. Negativu haikisii. Mwanga uliogonga kanga ya mama siku ile ndio ule ule ulioingia kwenye kamera ukachora filamu. Mpe binti yako kazi ya kuandika orodha ya mikanda, namba kwa namba, maana namba zimechapwa kwenye ukingo wa filamu na zitawaambia nini kilitangulia na nini kilifuata. Ataipenda, na machozi yenu yatakuwa yamepata pa kwenda.

Kuhusu nyambizi, hukuota. Magic Kingdom, mbuga ya kwanza ya Walt Disney World, ilifunguliwa Oktoba 1971, na mwezi huo huo nyambizi zikaanza kazi. Ziliendelea hadi 1994. Hazikuwa zinazama kikweli: abiria waliketi chini ya usawa wa maji, madirisha yakiwa ndani ya dimbwi, na chombo kilipita juu ya reli. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita hiyo ni nyambizi, na mimi naungana naye. Mwambie kaka yako.

Na huo mnara ndio ulionifanya niisome barua yako mara tatu. Kaka yako alisema safari ilikuwa mwaka gani? Hukuandika, umesema tu "likizo moja ya Desemba". Mlifika Agosti 1983 mkaondoka 1986, kwa hiyo yaweza kuwa Desemba ya 1983, 1984 au 1985. Mnara kama wa msikiti pale ninaoujua ni mmoja, nao haupo Magic Kingdom. Uko Epcot, mbuga ya pili, iliyofunguliwa Oktoba 1982, yenye lile tufe kubwa la rangi ya fedha. Nyuma ya tufe kuna ziwa, na kulizunguka, mwendo wa karibu kilomita 2, kumejengwa mitaa ya mataifa. Moroko iliongezwa Septemba 1984. Mfalme Hassan II alituma mafundi wake mwenyewe kwenda kupanga vigae, na mbele wakasimamisha mfano wa mnara wa Koutoubia, ule wa Marrakesh. Kwa hiyo kama mnara uliopo nyuma yako umekamilika, picha ile haikupigwa 1983.

Nawaza mwanamke wa Tanga akilizunguka ziwa lile. Meksiko, China, Ujerumani, Italia, Marekani, Japani, Ufaransa, Uingereza, Kanada. Mpango wa kujenga sehemu ya Afrika ya ikweta ulitangazwa, haukujengwa. Kiswahili kwenye mabango kilikuja kwingine kabisa, kwenye mbuga ya wanyama ya Disney iliyofunguliwa 1998, wakajenga kijiji wakakiita Harambe. Mama yako hakukiona. Katika nchi kumi za mwaka ule, mahali palipofanana na kwao palikuwa pamoja tu, penye mnara. Sishangai kwamba aliomba apigwe picha pale, na kwamba alikushika bega.

Sasa hesabu pamoja nami. Si 1983. Desemba 1985 mdogo wako alikuwa na miezi minane, na mtoto wa miezi minane haachwi nyumbani na mama anayenyonyesha, angekuwa mgongoni au kwenye kigari, na wewe umeandika kwamba yeye hakuwepo. Inabaki Desemba 1984. Mdogo wako amezaliwa Aprili 1985. Basi Desemba ile mama alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mtu wa tano kwenye picha zile yupo, mwanangu, na alikatwa pamoja na mama yake kwa mkasi mmoja. Kijana wa watu ameishi miaka yote hii akisema hadithi ile haimhusu.

Na hesabu ya pili. Albamu ina picha 19. Mikanda sita mara nne ni 24. Tano ziko wapi? Yawezekana moja au mbili ziliharibika, ni kawaida. Lakini nadhani unajua ninachofikiria. Picha yenye wewe na mama, mwenye hasira anaweza kumkata mama na kukubakiza wewe. Picha ya mama peke yake haina cha kubakiza. Ukiziona hizo tano kwenye mwanga, jiandae, usizitazame ukiwa peke yako usiku.

Umeuliza kuhusu haki. Kaka yako ana hoja, na si hoja ya mtu mbaya. Anaishi na baba, yeye ndiye anayempima presha asubuhi. Lakini hoja yake kwamba mama hakuzisafisha haisimami. Mama alihifadhi mikanda ile pamoja na vyeti vyenu vya kuzaliwa. Mtu haweki takataka pamoja na vyeti vya wanawe. Aliziacha mahali ambapo mtoto wake mmoja, siku moja, angelazimika kuzikuta. Hakuacha neno la kukataza. Kwa hiyo kuzisafisha ndiyo, una haki, na nakuhimiza. Kila mtoto apate nakala kamili, kaka akiwemo, hata akisema hazitaki. Mikanda yenyewe ibaki kwako, kwa kuwa wewe ndiye uliyeikuta na wewe ndiye unayejali.

Jambo moja la mama. Wakati ule alikuwa kijana, ugenini, sijui alivaa nini kichwani siku hizo na alivaaje siku za mwisho za maisha yake. Picha ambayo wewe unaona ni nzuri yeye pengine asingependa ionwe na majirani. Ziangalie kwanza ninyi watoto watatu, mkubaliane ipi inatoka nje na ipi inabaki ndani. Usirushe kwenye kundi la ukoo usiku huo huo kwa furaha.

Na baba. Hapa, mwanangu, nakukatalia. Usiende Dar na picha kubwa kumwekea mzee wa miaka 81 mbele ya macho. Ukifanya hivyo utakuwa umemtumia mama kama fimbo, na mama alishapigwa vya kutosha na ugomvi ule. Nimekaa na wazee wengi waliochana, waliochoma, waliokata. Alichofanya baba yako kilikuumiza, na una haki ya kuumia, usinielewe vibaya. Lakini mtu aliyetaka kuifuta safari nzima angetupa albamu. Yeye alihama nayo nyumba hadi nyumba. Na vidole vile, mkasi ulivizunguka. Kuvizunguka vidole vinne begani kwa mtoto kunataka mkono uende polepole. Aliyeushika mkasi peke yake ndiye ajuaye kwa nini.

Baba yako ana dada? Kama yupo hai, huyo ndiye mlango wako. Mpelekee habari shangazi yako, mwambie mmekuta picha za mama, mmezisafisha, watoto watatu mnazo, na hamumwombi baba chochote. Yeye atajua aseme lini na kwa maneno gani, na kama asiseme kabisa. Ndugu wa damu huambiwa yasiyoambiwa mtoto. Ikitokea baba mwenyewe akaomba kuziona, mpe zile ndogo, za saizi ya mkononi, aketi nazo, nawe utoke chumbani ukachemshe chai.

Kwa hitma, tundika picha ya mnara. Zile zilizokatwa usizitupe wala usizigundishe. Ziweke kwenye bahasha yake, andika kwa penseli laini nyuma, kwenye ukingo, zilikotoka na mwaka uliozikuta, maana nazo ni sehemu ya yaliyowapata, na iko siku mjukuu atauliza.

Na lile nililosema usikilize kwanza. Kabla hujaweka mkanda juu ya mwanga, mpigie simu mdogo wako. Usimweleze kwa simu. Mwambie tu aje Tanga mwishoni mwa wiki hii, kuna picha yake ya kwanza umeipata, na hutaki kuitazama kabla hajafika.